Sitakaa Tena Kama Pambo

Jumatano. Baridi kavu ya Julai hapa Randburg, midomo inapasuka. Niliamka vizuri tu. Hasira nimeipata ofisini, kabla hata ya chai.

Shajara, naandika kwa Kiswahili kwa sababu kazini hakuna anayekisoma. Hapa nasema nitakavyo.

Kesho tunakwenda Marshalltown, katikati ya jiji, kwa kampuni ya bima iliyotuagiza mfumo wa kompyuta wa kupokea madai ya wateja wake. Mfumo huo nimeusanifu mimi, na sehemu kubwa nimeiandika mimi. Asubuhi bosi wangu, Gerhard, akanifuata mezani akitabasamu. Akasema mwenzangu Craig ndiye atakayeeleza, mimi nije tu wateja wanione. "Halafu vaa lile gauni lako la kitenge. Linapendeza."

Wanione!

Nimeshakwenda mikutano ya namna hiyo. Kampuni kubwa za hapa hupenda kujua kama wahandisi Weusi wamo kwenye timu, basi mimi huchukuliwa, nikakaa karibu na Craig, nikatabasamu, nikapigwa picha. Likija swali, macho yote kwa Craig. Wala Craig si mtu mbaya. Majibu yenyewe huniuliza mimi tukiwa kwenye lifti, tukipanda kwenda mkutanoni.

Leo nimechoka. Nikamwambia Gerhard nitakwenda, ila mimi ndiye nitakayeeleza. Kama sivyo, nibaki hapa nifanye kazi niliyoajiriwa kuifanya.

Akasema Craig amewazoea wateja. Nikamuuliza, na mimi nitawazoea lini nisipofungua mdomo?

"Sawa," akasema mwishowe. "Lakini tukimpoteza mteja huyu, ni juu yako."

Lerato, anayejaribu mifumo yetu kabla haijatoka, naye ameshapelekwa mara nyingi kukaa kimya. Akaninong'oneza, "Eish, dada, kweli umemwambia?" Nikamjibu ajiandae, zamu ijayo ni yake. Tulicheka, ila yeye alicheka kwa wasiwasi.

Naogopa.

Mkataba wangu unaisha Septemba, na anayeamua ni Gerhard huyohuyo. Craig akibabaika, watasema ni siku mbaya tu. Mimi nikibabaika, watasema walijua tangu mwanzo, na Lerato ataendelea kukalishwa pembeni. Hilo linaniuma kuliko kufukuzwa.

Hata hivyo sirudi nyuma. Jioni hii nimepitia mfumo wote, hata ile sehemu ya malipo ninayoichukia. Najua unakwama wapi na kwa nini. Wakiuliza nisilolijua, nitasema silijui, nitawatafutia jibu. Sitamwangalia Craig.

Mama alihamia hapa kutoka Morogoro, alipomfuata baba, mtu wa hapa aliyekuwa amerudi kwao kutoka uhamishoni baada ya enzi za ubaguzi wa rangi. Leo alikuwa anakaanga vitunguu nilipoanza mazoezi pale jikoni: "Jina langu ni Neema, na mfumo huu nimeutengeneza mimi."

Akauliza naongea na nani. Nikamwambia, na wateja wa kesho.

Akapunguza moto, akanigeukia.

"Basi paza sauti, mwanangu. Wa nyuma hawajakusikia."