Saa Tisa Usiku, kwa Mwandiko Wako

Mpendwa baba,

Kwa heshima zote, mbele ya ndugu, jamaa na majirani wa Mazingara, ninatangaza kwamba leo asubuhi kalamu yangu nyekundu imeishiwa wino. Ilikuwa kalamu ya kawaida, ya dukani, na haikuacha mjane. Imekata roho katikati ya daftari lako, nikiwa nazungushia makosa ambayo hadi jana sikujua kama yapo.

Shikamoo baba. Najua huitikii tena, ni mwaka wa nne sasa, lakini sikulelewa kuanza bila salamu.

Ninaogopa. Nakwambia mapema usije ukahangaika kulitafuta neno hilo huko chini. Alhamisi nasimama mbele ya jopo la maprofesa kuitetea tasnifu yangu ya fizikia na astronomia, na tangu jana jioni najua kuwa tasnifu hiyo ni uongo. Sikupanga kudanganya, lakini ni uongo. Chai imepoa mbele yangu.

Unakumbuka ilivyoanza. Nilikuwa darasa la sita, nimenunua stendi ya Korogwe kitabu kisicho na jalada, na humo nikasoma kwamba kuna nyota ambayo kila baada ya siku chache hufifia kwa muda, kisha hurudia mwanga wake. Ni nyota mbili zinazozungukana, na moja huiziba nyingine. Nilikuonyesha nyota hiyo baada ya chakula, tumekaa nje juu ya magunia ya mahindi. Uliitazama kwa muda mrefu, halafu ukaniuliza kwa upole kama huko juu nako kuna mgao wa umeme.

Lakini kesho yake ulitoka tena kuiangalia. Na kesho kutwa. Jumamosi ukarudi na daftari. Mimi nikawa nalinganisha mwanga wake na wa jirani zake, wewe unaingia ndani kusoma saa ya ukutani na kuandika.

Saa ile nayo. Kwa watu wote mshale ukiwa kwenye saba, mdomo unasema saa moja, na maisha yanaendelea. Wewe ulikataa. "Mshale unasema saba, mimi niseme moja? Hapo nani anamdanganya nani?" Ukaigeuza, mshale ukasema kama tunavyosema sisi. Mgeni akiinua macho ukutani alidhani ameshakosa basi la Mkata.

Kisha nikaenda bweni Korogwe, na likizo ya kwanza nikarudi na aibu mpya. Nikakwambia wanasayansi hawatumii saa ya namna ile, na kwamba nilipowasimulia wenzangu walicheka bweni zima. Ulikuwa unapukuchua mahindi. Ukaendelea kupukuchua. Nikadhani hukusikia.

Miaka yote ya bweni uliiangalia nyota peke yako. Daftari likijaa ulimkabidhi kondakta pale Mkata, limefungwa ndani ya mfuko wa unga, nami nalipokea Korogwe nikilikung'uta mbele za watu. Madaftari hayo ndiyo yaliyonileta chuo hiki. Waliniambia hawajawahi kumpata mwombaji aliyekuja na nyota yake.

Sasa sikia nilichofanya. Saa zako zote nilizihamisha kutoka za Kiswahili ziwe za kizungu, zile za bweni na za kabla yake, kila moja kwa tofauti ya saa sita. Nikachora grafu. Na hapo, tangu mwaka wangu wa kwanza wa bweni, nyota yetu ikaruka. Ghafla ikawa inachelewa kufifia. Miaka ile hakuna mwingine aliyekuwa akiifuatilia, kwa hiyo ugunduzi ukawa wetu, mimi na wewe. Nimeandika kurasa arobaini kueleza gesi inavyomwagika kutoka nyota moja hadi nyingine na kuuvuruga mzunguko wa nyota hizo. Ni kurasa nzuri. Gesi nimeieleza vizuri sana.

Na saa zenyewe, baba. Saa nane usiku. Saa tisa usiku, kwa mwandiko wako. Nililia nilipoziona. Kwenye ukurasa wa shukrani nikaandika: kwa baba yangu, aliyekesha.

Jana nilimpigia mama nimsomee ukurasa huo, apate kufurahi kabla ya Alhamisi. Alicheka mpaka akakohoa.

"Baba yako huyu huyu? Mwanangu, saa nne alikuwa anakoroma mpaka mbuzi wanalalamika."

Nikamwambia mbona imeandikwa. Ndipo akanieleza, taratibu kama anayemweleza mgonjwa, kwamba ile saa uliigeuza siku niliyorudi shule baada ya likizo ile. Ulipanda kwenye stuli, ukairudisha kama za watu wengine, ukashuka na kumwambia, "Mtoto asije akachekwa kwa sababu ya saa ya baba yake."

Hukuniambia, na likizo zilizofuata, kwa aibu ile ile, sikuinua tena macho kuitazama saa hiyo. Mshale ulisema tisa, nawe ukaandika tisa, kama kawaida yako. Kumbe ilikuwa saa tatu, umeshakula, umeshaswali Isha. Nyota haikuruka popote. Ni wewe uliyepanda stuli.

Wanaojua ni wawili, mimi na mama, na mama hana anwani ya jopo. Naweza kunyamaza. Tangu alfajiri najaribu, na ninaona naweza kabisa, na hilo nalo linanitisha. Naogopa kurudishwa nyumbani na sanduku langu, nishuke Mkata mchana kweupe watu wakinitazama. Naogopa watakavyotabasamu wakilisoma jina lako. Lakini nikinyamaza jambo likapita, nitaishi na nyota iliyoruka, na siku moja nitawafundisha watoto wa watu kwamba iliruka.

Ofisi ya msimamizi wangu iko ghorofa ya tatu. Nimepita mlangoni kwake mara nne nikijifanya naenda maktaba, ingawa maktaba iko chini. Ni profesa mpole, hajawahi kunipandishia sauti, na leo ningeshukuru angekuwa mkali.

Naenda sasa, baba, kabla miguu haijabadili mawazo. Kwaheri. Pumzika salama.

Nimerudi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: saa, stuli, simu ya mama, hadi mbuzi. Akavua miwani, akanivutia kiti nikae. Kisha akasema, kwa aibu kidogo, kwamba tasnifu yangu niliyompa mwezi uliopita bado hajaifungua.

Ni mimi,
binti yako