Hakuna wa Kuambiwa

Jumatatu, 6 Oktoba

Miezi mingi sijaandika. Naomba radhi, ingawa wa kuniwia radhi ni mimi mwenyewe. Mkono ulikataa.

Kuku wamelishwa. Maji ya mfereji yalifunguliwa alfajiri, nimejaza mapipa. Chai bila sukari. Kisha safari ya Thika.

Niandike wazi. Nina uvimbe katika titi la kushoto. Leo daktari amenisomea majibu: ni saratani. Imegunduliwa mapema. Njia ni mbili. Kuondoa titi lote, au kuondoa uvimbe peke yake, kisha matibabu ya mionzi Nairobi kwa majuma kadhaa. Kwa hali yangu, zote mbili zinafaa. Kuchagua ni juu yangu. Nafasi ya kufikiri ipo, ila si ndefu.

Nilichagua kliniki ya Thika kwa makusudi. Hapa Ruiru wauguzi niliwafundisha, na ambao sikuwafundisha, niliwafundisha wazazi wao.

Muuguzi wa huko anaitwa Halima. Alifunga mlango kabla ya kuniuliza lolote. Akageuza kompyuta isionekane dirishani. Akauliza ni nani wanaoruhusiwa kuelezwa hali yangu. Nikajibu: hakuna. Hata mtoto? Hakuna. Hakunihubiria. Aliandika nilivyosema. Namshukuru kwa hilo.

Ninayo sababu. Marehemu mume wangu alipougua, ukoo ulikaa sebuleni ukaamua apelekwe wapi na akatwe nini. Yeye alikuwa chumbani, mlango wazi, anasikia kila neno. Hakuna aliyemwuliza. Na walimpenda sana.

Mimi nitaamua kwanza. Kisha nitawaambia.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeonekana. Mama Wambui, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, alikuwa Thika Jumatatu kununua vitambaa. Aliniona nikitoka kliniki.

Leo amekuja na unga, majani ya chai na mafuta ya kupikia. Hivyo ndivyo tunavyomwona mgonjwa hapa. Akavua viatu, akakaa, akakaa tena.

"Mwalimu, tukuombee nini hasa?"

"Niombeeni subira."

"Subira unayo ya kuuzia watu. Sema ingine."

Nilicheka. Naye akacheka. Aliondoka hajaridhika. Unga ni mzuri.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ghadhabu.

Mwanangu Kariuki ana duka la nyama choma kule Kamakis. Mama Wambui amempigia simu. Kabla jua halijapanda, Kariuki alikuwa amefungua kundi la simu na kuwaingiza ndugu, majirani, wateja wake wa mbavu na wanafunzi wangu wa zamani. Jina la kundi: Tusimame na Mwalimu. Picha yangu ya sherehe ya kustaafu iko juu. Chini yake: "Mama yetu mpendwa anaugua", kisha nafasi tupu. Amewaitisha watu mchango wa ugonjwa asioujua.

Watu wanajaza nafasi hiyo wenyewe. Presha. Figo. Moyo. Binamu mmoja aliandika "pumzika kwa amani", akafuta. Shemeji yangu Njoroge, wa Gatuanyaga, amesema keshampata mnunuzi wa mbuzi wake.

Nilimpigia Kariuki nikamwambia afunge kundi hilo.

"Mathe, relax. Watu wanataka tu kujua ni nini, ndio watoe vizuri."

Nilikata simu. Wanaponijaza magonjwa, wanajipa pia haki ya kuyapangia. Njoroge tayari ametaja hospitali.

Ijumaa, 10 Oktoba

Halima amenipigia. Asubuhi mwanamke alipiga simu kliniki akijiita jina langu, akitaka kukumbushwa majibu yake. Alikuwa na nambari ya kitambulisho changu. Halima alimwambia majibu hayatolewi kwa simu, hata kwa mwenyewe.

Nilimwuliza kama alishuku. Akasema alijua papo hapo.

"Aliniambia pole kwa kunisumbua, Mwalimu. Wewe hujawahi."

Ni Shiru, mke wa Kariuki. Sauti yake ni ya asali. Nambari anayo, maana Kariuki ndiye aliyenisajilia laini ya simu. Tunawapa watoto vitambulisho vyetu kama tunavyowapa ufunguo wa lango, kisha tunashangaa wakiingia.

Nilikasirika. Baadaye nikacheka peke yangu jikoni. Halima amebadilisha maswali ya kunitambulisha. Majibu ya maswali hayo sasa tunayajua sisi wawili tu. Sitayaandika hata hapa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku mbaya.

Kariuki na Mama Wambui walikwenda Thika wenyewe. Walibeba nakala ya kitambulisho changu, na Kariuki alibeba sauti yake. Halima amenieleza yote. Amesema ni haki yangu kujua nani aliniulizia.

Kariuki aligonga meza ya mapokezi. "Mimi ndio kifungua mimba! Mnataka nani mwingine?" Foleni nzima iligeuka. Mama Wambui akasema wao si watu wa nje, ni wa maombi. Msimamizi wa kliniki akatoka ofisini akamnong'oneza Halima awape tu, ni familia, waondoke.

Hapo ndipo jambo langu liliponing'inia. Neno moja lingetoka mdomoni mwake, na jioni Njoroge angekuwa ameshapanga chumba cha upasuaji.

Halima alisema: "Kaka, mama yako yuko hai na akili zake timamu. Muulize yeye." Msimamizi akarudia. Halima akamwambia kwamba mgonjwa amekataza, na kila anayefungua faili kwenye kompyuta anaacha jina lake. Kama msimamizi anataka kuifungua, aifungue kwa jina lake mwenyewe.

Msimamizi alirudi ofisini.

Sijui kama mimi, katika umri wa Halima, ningesimama hivyo mbele ya mkubwa wangu. Ninashukuru hata nimekosa pa kuiweka shukrani hii.

Jumapili, 12 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nimesikia nimeombewa kwa jina, na ugonjwa "unaojulikana na Mungu peke yake." Mchungaji ni muungwana.

Njoroge ameandika kwenye kundi: mbuzi ameuzwa, sasa mnasemaje? Hakuna anayemjibu.

Jumanne, 14 Oktoba

Kariuki amekuja. Hakukaa.

"Yule sista ameniaibisha mbele ya watu. Mimi ni mtoto wako ama mimi ni nani?"

Nilimwambia akae. Nilimweleza kuhusu baba yake, jinsi mlango ulivyokuwa wazi siku ile ya kikao. Kariuki alikuwepo. Alisema kwa sauti kubwa kuliko wote, kama kifungua mimba anavyotarajiwa.

Ndipo alipokaa.

"Nilidhani amelala."

"Hakulala."

Alilia. Sijamwona akilia tangu mazishi. Sikumkatiza. Kisha nilimwambia kiasi nilichotaka ajue: ni ugonjwa, una tiba, na kuna jambo ninalipima mwenyewe. Nilingoja aulize jina la ugonjwa. Hakuuliza. Aliuliza kama nitahitaji mtu wa kunipeleka. Nikasema nitahitaji.

Akiwa mlangoni aliandika kwenye kundi: "Mathe yuko sawa. Kuna kitu anaamua. Tumpatie nafasi. Michango naanza kurudisha."

Njoroge akajibu: "Na mbuzi?"

Tulicheka hadi Kariuki akashika ukuta. Ni watu wazuri hawa. Wangeuza hata ng'ombe. Nilikuwa nimesahau kwamba hilo nalo ni la kushukuru.

Ijumaa, 17 Oktoba

Thika tena. Daktari alijibu maswali yangu yote, mengine mara mbili. Nilimshukuru Halima kwa maneno machache, maana mengi yangenitoa machozi. Akasema ni kazi yake tu. Nilimwambia kazi hiyo nimewaona wengi wakiiacha njiani.

Nimerudi mapema. Mvua nyepesi. Nimepika githeri.

Mchana naelekea njia moja, jioni naelekea nyingine. Mwili ni wangu, nao unanizoea tena. Hakuna anayenisukuma. Sikujua kwamba kutoamua bado kunaweza kuwa na utulivu kiasi hiki.

Nikishachagua, nitaandika hapa kwanza, kwa sentensi moja. Kisha nitampigia Kariuki.