Mwongozo Usio na Jina

Tarehe 3 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo? Natumaini hii itakukuta mzima, wewe na mama mdogo. Nyonga yake inamruhusu kupanda ngazi siku hizi? Mwambie mwanawe mkubwa anamsalimu. Mimi mzima, ila nywele zinapukutika kwa mawazo.

Nakuandikia barua pepe kwa sababu simu umenifungia. Mwaka wa tatu sasa! Kweli una roho ngumu. Tumelala kitanda kimoja miaka tisa tukigombania shuka, leo nakuandikia kama mtu anayeomba kazi.

Na kweli naomba. Mkurugenzi ametangaza kwamba mwenye kiti cha meneja wa miradi lazima awe na cheti. Mtihani ni tarehe 12 Aprili. Nisipopita, kiti kinaondoka. Wewe ulipita mwaka jana, tena mara ya kwanza, habari zimenifikia. Mimi nimeingia mtandaoni kutafuta vya kusomea nikatoka na kizunguzungu: vitabu kumi na tano, kozi za video, kadi, maswali ya majaribio, na kila mmoja anaapa chake ndicho. Nisome kipi, niache kipi? Niandikie orodha fupi tu, unavyojua kupanga mambo.

Yale ya ratiba ya wodi yalishapita. Sisi ni damu moja.

Dada yako


Tarehe 4 Februari

Dada,

Mama hajambo, ngazi anapanda kwa kushika ukuta, na salamu zako nimezifikisha. Mimi pia mzima. Pole kwa nywele.

Orodha nimeiambatisha, ukurasa mmoja. Kwa ufupi: kitabu kinene chenye jalada la kijani, toleo lile lile lililoko kwenye kabati la ofisi yenu, majedwali yake yote uyakariri kwa mpangilio, kadi mia na ishirini za kanuni, na yale maswali mia nne yanayozunguka kwenye makundi ya simu. Kozi za video achana nazo. Kusoma kwa kikundi ni kupoteza muda. Bodi ya mtihani nayo ina waraka wake wa bure, kurasa kumi na mbili, lakini ni maneno ya kiofisi tu.

Wewe kariri. Una kichwa cha kukariri.

Mdogo wako


Tarehe 4 Februari, jioni (haikutumwa)

Dada,

Hujambo? Sijali.

Mtihani ulibadilishwa miaka miwili iliyopita. Hawaulizi tena majedwali. Wanakupa kisa: fundi amesusa, mteja anafoka, utafanya nini kwanza? Majibu manne, yote yanafanana na kweli. Haya yameandikwa wazi kwenye ukurasa wa pili wa ule waraka wa bure, na yeyote atakayeufungua ataona kwamba orodha yangu ni maiti. Wewe hutaufungua. Nilipokuwa ofisini kwenu nilikaa meza ya pili kutoka kwako. Hujawahi kusoma mkataba hata mmoja, unawauliza waliousoma.

Ratiba ile niliitengeneza kwa miezi minne. Nilihesabu vitanda, nikapima milango, ili wodi ijengwe upya bila mgonjwa hata mmoja kulazwa ukumbini. Mama akavunjika nyonga, nikaenda kumuuguza wiki tatu. Niliporudi, jalada lilikuwa na jina lako, na mkurugenzi alikuwa ameambiwa nimekimbia kazi. Ulimwambia hivyo siku zile zile nilizokuwa nambeba mama yako mdogo kumpeleka msalani.

Orodha sikuitia jina. Nimekuachia nafasi.


Tarehe 20 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Habari za huko? Mama mdogo anaendeleaje? Sisi wazima, tunakariri mpaka basi. Jana mume wangu kaniuliza chumvi iko wapi, nikamjibu kwa safu na namba.

Usicheke, orodha yako imekuwa mali ya ofisi. Mkurugenzi alitaka watu sita wengine wafanye mtihani pamoja nami, akauliza nani ana utaratibu wa kusoma. Nikaichapa upya, nikaiwekea jalada zuri: “Mwongozo wa Meneja.” Sikukutaja, maana ungeona haya, unavyopenda kujificha. Nimesifiwa mbele ya watu!

Hata Mzee Mita yumo. Unamkumbuka, msimamizi wa ujenzi, yule anayetembea na futi ya kupimia kwenye mfuko wa shati. Bila cheti watampumzisha mwezi wa sita. Ana miaka hamsini na sita, anakariri kadi saa ya chakula, midomo inacheza, miwani kaifunga kwa uzi. Akikosea anajipiga kofi la paji la uso. Tunacheka sana. Anakusalimu, anasema, “Mwambie binti yangu wa michoro, safari hii nampita.”

Dada yako


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Barua yangu hukuijibu. Mimi si mzima sana, nina hasira.

Jana kwenye kikao Mzee Mita kasimama na karatasi kumi na mbili, zimejaa alama za penseli. “Meneja,” anasema, “mtihani wenyewe ndio huu. Huo wako ulikufa zamani.” Nikamwambia, “Mzee, mwongozo huu nimeuandika mimi kwa mkono wangu. Unanifundisha kazi?” Akajibu, “Kama umeuandika wewe, basi urekebishe wewe.” Mkurugenzi akacheka!

Nikashikilia hapo hapo. Ningesema nini? Kwamba nilipewa? Sasa wao sita wamejifungia chumba cha mikutano, wanasoma visa na kubishana kama wako sokoni. Mimi niko peke yangu na kadi. Nikionekana na zile karatasi mkononi, nimekwisha. Niambie haraka kwamba mzee kakosea. Na karatasi kapewa na nani? Nikimuuliza anasema tu, “Mtu wangu.”

Siku kumi zimebaki.

Dada yako


Tarehe 15 Aprili

Mdogo wangu,

Mama mdogo hajambo? Mimi nipo tu.

Wote sita wamepita. Mzee Mita kalia kama mtoto, akaibusu futi yake. Mimi nimeanguka. Kisa baada ya kisa, na mimi natafuta jedwali la kukiweka. Mtu wa pembeni yangu alimaliza akaenda kunywa maji, mimi bado niko swali la arobaini.

Uliponyamaza nilielewa. Umeniangusha makusudi, mimi, mtoto wa mama yako mkubwa. Mkurugenzi kanipa nafasi ya mwisho, tarehe 30 Agosti. Nifundishe. Au umefurahi, unataka zaidi?

Dada yako


Tarehe 17 Aprili

Dada,

Mama hajambo, siku hizi hashiki ukuta. Mimi mzima kuliko nilivyokuwa miaka yote mitatu.

Ndiyo, makusudi. Orodha ile niliipanga kwa uangalifu kuliko hata ratiba ya wodi. Lakini nilitaka uanguke peke yako. Uliponiandikia kwamba Mzee Mita anakariri kadi zile, nilikaa na barua yako mpaka chai ikaota utando. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma mchoro. Siku ile ile nilimtumia waraka wa bodi na daftari langu la visa. Nilijua ataleta kikaoni, hajui kuficha kitu. Kwa hiyo na wewe ulifunguliwa mlango, dada, siku kumi na moja nzima. Ulitakiwa kusema maneno mawili: si wangu. Yalikushinda.

Umeuliza kama nimefurahi. Nimefurahi. Nimeisubiri furaha iishe nijione mbaya, haijaisha.

Kukufundisha, nitakufundisha. Nitakuja kila Jumamosi na nakala ya daftari. Sharti ni moja: simama mbele ya mkurugenzi na wale sita, useme kwamba ratiba ya wodi niliitengeneza mimi, na kwamba sikukimbia kazi. Siku utakayosema, niandikie. Kesho yake napanda basi.

Binti wa mama yako mdogo


Tarehe 29 Agosti

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama mdogo hajambo?

Nimesema. Leo saa nne asubuhi, wote wakiwepo. Nilianza mara mbili, sauti ikakatika. Safari hii mkurugenzi hakucheka. Mzee Mita kasema, “Mimi nilijua. Mistari ile ilikuwa ya mkono wake.” Jalada la ratiba linachapwa upya, na jina lako. Nimelisoma herufi kwa herufi kabla halijaondoka mezani kwangu.

Nilitaka kusema tangu Mei. Kila wiki nilijiambia wiki ijayo. Waraka wa bodi nimeusoma hatimaye, naelewa maneno, sielewi nichaguaje. Kesho saa tatu naingia. Njoo. Kama huwezi, niandikie chochote.

Dada yako


Tarehe 29 Agosti

Dada,

Mama hajambo. Barua yako nimemsomea. Aliomba nimsomee tena pale uliposema sauti ilikatika. Mimi sijambo.

Nilisema nitapanda basi kesho yake, na kesho saa tatu wewe utakuwa ndani. Nakala ya daftari ilikaa mezani Jumamosi kumi na tisa, na begi langu mlangoni. Siwezi kuzirudisha, wala sitajifanya nimesikitika.

Ila umesema. Basi chukua hili, ndilo daftari zima kwa ufupi. Kesho watakuletea kisa cha mtu aliyekosewa kazini, wakuulize utafanya nini kwanza. Jibu moja litakwambia uandike ripoti. Jingine upeleke kwa wakubwa. Jingine uendelee na kazi kana kwamba hakuna kitu. La nne litakwambia umwendee mwenyewe, ukae naye, umsikilize.

Chagua la nne, dada. Katika mtihani ule, karibu kila mara ndilo.

Mdogo wako