Kulia na Kushoto kwa Baba

Saattut,
Uummannaq,
Greenland.

24 Oktoba

Mpendwa Shangazi Bolette,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa karibu na dirisha lako, goti limetulia, na mvua za huko Aalborg zimekupa nafasi ya kwenda kanisani. Yule daktari wa goti je, safari hii alikupa dawa ya maana au alikwambia tena upunguze mkate? Soksi ulizotuma zilifika na meli. Mume wangu Miki amezivaa mfululizo mpaka nimezivizia akiwa amelala ili nizifue.

Sisi huku miili haijambo. Mengine nitakueleza taratibu, maana hata mimi nikiyaeleza haraka nalia.

Baridi imeshabisha hodi. Jua linachungulia kidogo juu ya mlima adhuhuri, kisha linarudi zake kama mgeni aliyekosea nyumba. Samaki wa mbwa tumewaanika wa kutosha, nyama ya sili ipo, na Baba ameshona mikanda mipya ya mbwa ya kuvutia sleji juu ya theluji. Ungeiona mishono yake, Shangazi. Imenyooka vilevile kama zamani.

Unakumbuka ulivyomcheka Baba kwenye simu mbwa wake Kajok alipozaa? Ulisema, "Kaka, huyo bibi kizee unamzalisha wa nini?" Basi watoto wake watano wamekuwa mbwa kweli. Kiangazi kizima walizurura kijijini wakiiba viatu milangoni, na wiki hii wametimiza umri wa kufungwa minyororo. Kelele zao hazisemeki. Binti yangu Katrine amegoma kula kwa kuwahurumia. Baba anamtania, "Mama, kula. Ulinichapa mimi nilipogoma kula, leo zamu yako." Tangu tumpe jina la marehemu mama yenu hajawahi kumwita vingine.

Watoto hao wa Kajok Baba amewafundisha mwenyewe. Kila jioni alisimama mbele yao na ndoo ya vichwa vya samaki. Akitamka neno la kulia, anatupa kichwa upande mmoja. Akitamka neno la kushoto, anatupa upande wa pili. Mimi nilikuwa nawaangalia kutoka jikoni huku nakoroga sufuria, nacheka wanavyogongana. Sikutazama anatupa wapi. Nani angetazama?

Sasa nifike penyewe. Nilikwambia kwamba Agosti tulimpeleka kwa daktari, na daktari akasema kumbukumbu zinamtoka na dawa hakuna. Tulidhani itakuwa mambo ya kusahau birika jikoni, au kumwuliza Miki mara tatu kama mashua imefungwa. Hatukudhani ugonjwa utathubutu kugusa mbwa wake. Theluji ya kwanza ilipokaa sawasawa juu ya mteremko wa nyuma ya nyumba, alimfunga Kajok mbele, mbwa wengine sita nyuma yake, akatoka. Miki alikuwa amesimama hapo juu akimtazama.

Penye lile jiwe kubwa Baba alitaka kupita kushoto, kwenye tambarare. Mkono wake ulionyesha kushoto, mwili wake ulilalia kushoto. Mdomo ukatamka neno la kulia. Kajok miaka minane ameongoza na hajawahi kukosea neno hilo. Akakata kulia, akaingia kwenye mawe kama alivyoamriwa, sleji ikapinduka na Baba akaangukia bega.

Miki alimkimbilia, akamwinua, akajaribu kusema kwa adabu.

"Baba mkwe, nadhani ulisema kulia."

"Nimesema kushoto! Na wewe masikio yamekufa?"

"Labda upepo, Baba."

"Upepo gani? Huyu mbwa amezeeka. Sikio la kufa halisikii dawa."

Akajaribu tena kesho yake, na kesho kutwa. Kila mara maneno yamegeuka, kulia ni kushoto na kushoto ni kulia, na kila mara Kajok alitii neno lililotamkwa akachapwa kwa kutii. Katrine alimwambia wazi, kwa sauti ya mama mtu, "Enok, unachanganya." Baba akacheka, akasema, "Ndiyo, Mama," akambusu kichwani, kisha akatoka akafanya vilevile.

Shangazi, nani amwambie? Nusu ya wanaume wa hapa amewafundisha yeye kuendesha mbwa. Wanakuja kunywa kahawa, wanamsifu kwa mishono, wanatazama vikombe vyao. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi kijiji kizima tulikuwa tunaficha.

Jumatatu alichukua bunduki. Mbwa wa mbele asiyesikia atamuua mtu kwenye barafu, alisema, na hilo ni kweli, hata wewe unalijua. Alimpeleka Kajok nyuma ya vichanja vya samaki. Kajok alimfuata mkia juu. Miki alisimama, mimi nilisimama. Mlio ulikuwa mmoja. Baba alirudi akilia kama mtoto, akasema hajapata kuwa na mbwa mzuri kama yule na hatapata tena. Nilimkumbatia. Nilimkumbatia huku nimemkasirikia mpaka meno yanauma, na sijui hasira hiyo niipeleke wapi maana aliyestahili kukasirikiwa hayumo tena ndani yake.

Tangu siku hiyo ana haraka. Anasema barafu ikishika tu juu ya bahari ataenda kuvua kama kila mwaka. Miki alificha sleji. Baba alikaa mlangoni akiitafuta kwa macho, hakumlaumu mtu, hakula, na siku ya pili Miki mwenyewe aliirudisha. Ukisema tuwauze mbwa, nakuuliza, tumwachie nini?

Juzi aliwafunga wale watoto watano kwenye sleji tupu, dume mkubwa mbele. Nilitoka nje na mikono yangu ina unga, tayari kwa balaa jingine. Wakafika penye lile jiwe. Baba akaonyesha kushoto, akatamka neno la kulia, na wale watoto wakakata kushoto, safi, wakapita tambarare mkia juu kama mama yao. Akatamka la kushoto, wakaenda kulia, alikotaka. Ndipo nilipoikumbuka ndoo ya vichwa vya samaki. Hawajawahi kusikia maneno hayo kwa namna nyingine. Baba aliwashangilia, akanigeukia na uso ule unaoujua.

"Umeona? Hawa ndio wenye masikio!"

"Nimeona, Baba."

Ni wadogo mno kwenda mbali, na daktari alituonya kwamba kilichogeuka leo kesho kinaweza kugeuka tena. Miki anasema atafuata nyuma kwa sleji yake. Mimi nitapanda na Baba. Sina ujanja mwingine na sikuandikii ili uniambie uliopo, maana haupo. Nakuandikia kwa sababu wewe peke yako ulimjua kabla hajajua maneno hayo.

Miki anakusalimu sana, na soksi zake. Mama yako mdogo Katrine anasema umletee pipi za chumvi ukija, na ameshaanza kula. Wasalimie Frederik na majirani zako wa ghorofa ya chini. Mungu alilinde goti lako na akupe usingizi mtamu kuliko wetu.

Ukipiga simu Jumapili, Baba atakusimulia habari za watoto wa mbwa. Akikosea, usimsahihishe. Jana mezani aliniambia nimpe kisu kilicho kushoto kwangu. Nikanyoosha mkono wa kulia bila kufikiri, nikampa kile alichokitaka, naye akanishukuru.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye daima,

Aviaaja