Sakafu Niliyoigonga Brussels

Baba, shikamoo.

Mvua ya hapa Brussels imenikimbiza mpaka ndani ya kanisa kuu la kale, lenye dari la mawe lililo juu mpaka shingo inauma. Wageni wote walitazama juu. Mimi, binti wa fundi taili, nikapiga magoti kwenye sakafu ya mozaiki, ya vijiwe vidogo vya rangi, na kuigonga kwa kidole, kama unavyogonga wewe kutafuta taili lenye uwazi chini. Ko, ko, ko! Kanisa zima likavuma. Mama mmoja Mkongo aliyekuwa akisali akanishika bega: “Maman, humu chini walizika bantu, watu kabisa. Alors, sasa bakiitika utasema nini?” Tulicheka hadi tukatolewa nje, akanigawia karanga zake.

Sikupata kijiwe hata kimoja chenye uwazi, baba. Mamia ya miaka, na bado vimeshika! Na mimi ndiye niliyekucheka kila ulipobandua taili zima kwa ajili ya mlio tu: “Baba, nani atakuja kugonga?”

Msalimie mama, na magoti uyapake dawa. Ukisikia uwazi, bandua tu.

Mgongaji wako,
Neema