Kompyuta Zako Ziko Stoo

Nyumba za Walimu,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu za nyumbani. Hujambo? Wifi naye, mgongo umepoa? Sisi wazima, na Mama sasa anatembea bila fimbo. Ila mimi nina kinyongo, na leo nakumwagia wewe kwa kuwa huko uliko huwezi kunikatiza.

Kompyuta ulizotutumia bado zimo kwenye makasha. Mwalimu mkuu anasema zitaingia vumbi. Wageni wakija zinatolewa, zinafutwa, zinapigwa picha, zinarudishwa stoo. Nadhani ufunguo analala nao.

Basi nikafundisha bila kompyuta. Nilichora miraba kwa chaki uani. Mtoto mmoja anakuwa mashine, wenzake wanamwandikia maagizo: nenda mbele, geuka kulia, okota jiwe. Sheria ni moja tu: mashine haifanyi isichoambiwa. Wakisema "nenda" bila kusema aishie wapi, anakwenda hadi ukutani. Wanacheka, kisha wanarekebisha agizo lao. Walikuwa wanafikiri, Kaka! Nilikuwa nawaona. Na mashine hodari kuliko zote alikuwa Kidoti, binti wa dada yetu.

Jumanne akaja mkaguzi. Aliuliza huu ni mchezo gani, nikamweleza. Akacheka, akamwambia Kidoti, "Haya mashine, simama hapo hapo, usitingishike." Kisha akatuita ofisini, mimi na mwalimu mkuu, tukanywe chai na kuangalia makasha. Nilijua kengele ikilia mtoto ataingia darasani na wenzake. Hakuingia. Tulimkuta amezirai juani, ndani ya mraba wake.

Unajua aliyelaumiwa? Mimi. Ripoti inasema nawatesa watoto kwa michezo isiyo kwenye mtaala, wakati shule ina kompyuta za kutosha. Za kutosha! Somo limefutwa. Mkaguzi hata pole hakumpa mtoto. Nina hasira, Kaka.

Tafadhali usitume kompyuta nyingine. Ukiwa na la kutuma, tuma nyundo, kufuli ninalijua lilipo.

Mama anakusalimu sana. Dada pia, ingawa mimi bado ameninunia. Kidoti amepona na anakupa shikamoo, mjomba wake. Alipozinduka alinishika mkono, akaniuliza, "Mama mdogo, yule baba hakusema niache lini. Mbona hamkumrekebisha?"



Mungu akutunze huko ugenini.

Akupendaye daima,
Mdogo wako, mwalimu