Uji wa Julienne

Jumatatu, 7 Machi 1977

Sahani imerudi imejaa! Malakwang, mboga chachu ya kwetu Acholi, na karanga nimezisaga mwenyewe. Ojok kaonja, kashika kifua. Inachoma, anasema. Miezi sasa inachoma. Kavaa kofia yake ya polisi, katoka. Mama mkwe alinionya: mume akikataa chakula chako, kuna sufuria nyingine. Na ipo — kwa Julienne, yule mjane Mkongo anayeshona nguo nyuma ya kambi. Acan wa nyumba ya pili kamwona akinywa uji huko. Uji! Mwanamume mzima!

Jumatano, 9 Machi

Nimempeleka kwa Wanjala wa zahanati. Kampa dawa nyeupe, kisha akaniita pembeni: "Mama, tumbo haina kidonda. Mawazo ndiyo inakataa chakula. Uliza nini inamsumbua." Niulize nini? Anayemsumbua namjua. Ana kiuno cha nyigu. Jioni nimepika malakwang tena, chachu zaidi, kama alivyoipenda tulipooana. Katapika.

Ijumaa, 11 Machi

Mchana nimemfuata. Na mwiko mkononi, niseme kweli. Nikachungulia dirishani. Julienne yuko kwenye cherehani, hata hamtazami. Ojok yuko mkekani na bakuli — analia! Hakulia hata kwenye mazishi ya baba yake. Anasimulia wakubwa wake walivyomwamuru apeleke lori Port Bell, wanakotupa watu ziwani, na chini ya turubai yumo Olanya, aliyesimamia harusi yetu. "Alikuwa anaita jina yangu." Kisha: "Mke wangu Lamunu asijue. Wakimuuliza, aseme hajui, na iwe kweli."

Julienne kasema tu, "Kunywa, baba. Ingali moto." Kanywa wote. Kalamba kijiko.

Ningewakuta kitandani ningejua la kufanya. Lakini machozi? Machozi yale ni yangu! Naona wivu hadi meno yananiuma. Miaka tisa nimempikia, na kilio kampelekea jirani.

Jumamosi, 12 Machi

Wamekuja wawili wa usalama. Miwani myeusi, mashati ya maua. Ojok yuko kazini. Habari za lori zimevuja, wanasema. Bwana yako anaongea na nani? Taja mtu mmoja, bwana yako tutamwacha. Watarudi saa kumi.

Nimeosha vyombo visivyo na uchafu.

Hodi! Julienne, na bakuli lililofunikwa. Anauliza Ojok anarudi saa ngapi, uji usije ukapoa.

Nimemwambia aingie, amngoje. Yuko upande wa pili wa pazia, ameketi. Saa kumi inakaribia.